Picha za Mkia

4 Februari

Mjukuu wangu mpenzi, mchumba niliyechelewa kumwoa,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaiandika. Marahaba. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Goti la kushoto linanung'unika asubuhi lakini limezoea kutosikilizwa. Kuku wameongezeka. Yule jogoo uliyemwita Waziri kwa sababu anatembea kifua mbele bado yupo, anawika mchana kutwa na kazi hafanyi. Fundi viatu wa ng'ambo ya reli anakusalimu. Anasema viatu ulivyomwachia viko tayari, ukichelewa tena ataviuza kwa mtu mwenye miguu mibaya kama yako.

Mama yako mwambie nimepata habari za chumba cha nyuma alichonipakia rangi. Rangi ya samawati ni nzuri. Aweke mahindi humo. Mimi sihami. Nyumba hii nilipewa na reli kwa kulinda geti, na walipoliondoa geti wakasimika kibao waliniambia kaa tu mzee, nami nimekaa. Mwanangu huyo aliniapia kwamba siku mwili wangu ukitoa hitilafu moja tu atakuja na gari na kamba. Haujatoa. Mwambie hivyo, haujatoa.

Sasa la maana. Simu uliyoniachia naitumia. Kidole changu ni kinene, kikigusa herufi moja zinaitika tatu, kwa hiyo maandishi siwezi, lakini picha napiga, na nimeziweka kwenye kile kikundi chenu cha wapenda treni kama ulivyonionyesha. Mjukuu wangu, watu wenu wa mtandaoni treni wanazipenda lakini hawazijui. Ni kama mtu anayependa ng'ombe kwa sababu ya rangi. Yuko mmoja anajiita Kokoto, kaniandikia eti babu, weka programu ya kukujulisha treni inakuja saa ngapi. Mimi? Mimi nimelinda geti tangu huyo Kokoto hajawa hata mchanga. Treni ikiwa bado nyuma ya kilima mimi nilikuwa nimeshaweka kikombe cha chai chini. Wenzangu walikuwa wakiniita Sikio. Mwambie hivyo.

Tena usinipigie simu. Kwa picha ni nzuri, kwa maneno ni mbovu, inaongea kama chura aliyefunikwa na debe. Andika barua. Karatasi haikoromi.

Babu yako,
Mlinda Geti


20 Februari

Shikamoo Babu,

Huku hatujambo. Mama anakusalimu, na mahindi hataki. Anasema chumba kile kina dirisha linalotazama barabara, utahesabu magari badala ya treni. Nimemwambia ni sawa na kumwambia mvuvi ahamie bafuni. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Anakuwaza, Babu, umsamehe.

Kazini kwetu mashine kubwa ya kuchapa mabango imerudi kutoka kwa fundi, sasa inatoa nyekundu kila mahali, hata nyanya zinatoka kama zimekasirika. Bosi anasema ni nzuri, zinavutia.

Picha zako nimeziona zote. Kikundi kinauliza huyu babu ni nani. Nimewaambia ni mtu wa reli wa kweli, wakanyamaza kwa adabu, kwa sababu sisi wengi ni watu wa kukodoa macho tu. Kuna muuguzi, kuna mwalimu wa hesabu, kuna mama anayeuza rangi za nyumba karibu na daraja, kuna Mpimaji, mstaafu wa kupima viwanja. Kila mtu ana siku yake ya mapumziko, na badala ya kulala anakwenda kusimama kando ya reli na kamera. Mke wa Mpimaji anasema afadhali angekuwa mlevi, angejua baa ya kumtafutia.

Usimkasirikie Kokoto. Hiyo programu aliyoitaja tumeitengeneza wenyewe, tunaiita Inakuja. Treni ikimpita mmoja wetu anabonyeza, na wote walio mbele wanapata taarifa, wanatayarisha kamera. Maana desturi ya kikundi ni hii: picha iwe ya kichwa cha treni, namba isomeke, na jua liwe mgongoni mwa mpigaji. Hata jua lina programu yake, unaweka mahali na saa, inakuonyesha vivuli vitaangukia wapi.

Ndiyo maana nakuuliza kwa heshima zote, Babu. Wewe umeweka picha nyingi kuliko mtu yeyote mwezi huu, na zote ni za behewa la mwisho. Kichwa hata kimoja hakuna. Kulikoni?

Na jana nilikupigia, iliita hadi ikachoka. Najua umekataza. Nilijaribu tu.

Mjukuu wako


9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba, na salamu kwa mama yako na kwa dirisha lake. Mvua imenyesha, tuta limeota majani. Fundi viatu ameumwa na jino, shavu limevimba, kwa mara ya kwanza ana uso wa mtu aliyeshiba. Namsaidia kukaa. Kila asubuhi nampelekea mayai kwa kikapu, maana mengine hawezi kutafuna.

Unaniuliza kwa nini mikia. Nilijua mtauliza. Keti.

Kichwa cha treni kila mtu anakitazama. Kinapiga kelele, kinatoa moshi, kina namba, kina dereva anayepunga mkono kama bwana harusi. Mtoto anakitazama, mbuzi anakitazama. Mlinda geti halipwi kwa kutazama kichwa. Kazi ya mlinda geti ni mkia. Behewa la mwisho lina taa nyekundu, na mchana lina ubao mwekundu. Ukiuona, unajua treni nzima imepita, unafungua geti, unampigia bwana stesheni unamwambia neno moja, mkia upo. Usipouona, basi treni imekatika. Kichwa kimekwenda na chake na nusu nyingine imebaki nyuma huko, haina dereva, haina breki, na dereva mwenyewe hana habari.

Mama yako alikuwa anatambaa siku nilipoiona ya namna hiyo. Treni ya mizigo ilishuka kutoka kilimani, ndefu, watu getini wakaipigia makofi kwa urefu wake. Mimi nikatazama mwisho. Ubao hakuna. Ndoano ya kuunganishia mabehewa inabembea, tupu. Sikupiga makofi. Nilikimbia, nikazungusha ile simu ya ukutani nikasema mkia hakuna, mkia hakuna, na ile treni ya abiria iliyokuwa ianze kuja ikazuiwa stesheni. Mabehewa yaliyokatika yakaja yenyewe, kimya kimya, hayana mtu, yakanipita hapa kama wezi. Hakufa hata panya. Walinipa saa ya ukutani. Saa ilikufa, mimi nipo.

Wasomee watu wako hiyo. Waambie mtu asiyetazama mkia hajaiona treni, ameona kelele.

Ndiyo maana napiga mikia. Sababu nyingine hakuna.

Babu yako,
Mlinda Geti


2 Aprili

Shikamoo Babu,

Hatujambo. Mama alipata kikohozi, kimekwisha. Mashine nayo imepona wekundu, sasa inatoa kijani. Tumechapa bango la daktari wa meno, ana meno ya mchicha.

Barua yako niliwasomea. Babu, umeleta ghasia. Muuguzi alisema ameipiga picha treni ileile miaka na hajui nyuma yake ina rangi gani. Siku ya mapumziko watu walitoka wakapiga mikia mitupu. Mama wa rangi kapata ubao mwekundu wenye jua juu yake, unawaka kama kaa. Kokoto mwenyewe ameomba radhi, anakuita Mwalimu. Na wengine wote wanakuita Babu wa Mikia. Nilidhani utakasirika, lakini nimekufahamu vizuri, sasa hivi unatabasamu na unajifanya unatafuta miwani.

Nilitaka kukuuliza mambo mawili matatu, si kwa lolote. Ukienda kwa fundi viatu na mayai yako, unapita kule juu kwenye kibao, au unatembea pembeni ya reli? Na madereva wa siku hizi, bado wanapiga honi kwenye kona yako kabla ya kibao, au wameacha?

Nijibu hayo tu. Mengine yote huku ni mazuri.

Mjukuu wako


19 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu baadaye, leo nina kesi.

Nani msimamizi wa kikundi chenu? Nataka jina na kazi yake na nani alimzaa. Nilikuwa nimeweka picha, tena si picha ya kulala, ni ile inayocheza. Kidole kilikosea kikagusa palipoandikwa sijui nini, simu ikashika kila kitu, kokoto zinatembea, kikapu changu kinatembea, kisha treni inapita, kisha mkia, safi, ubao unaonekana. Sikujua kama simu inaweza. Nikaiweka. Fundi viatu aliiona kwenye simu yake akaniambia, kwa mkono na kwa macho maana shavu lilikuwa bado, kwamba watu wanaifurahia. Saa hiyohiyo imeondolewa. Wamebandika eti imeondolewa na msimamizi.

Mimi niliyezuia treni ya abiria, leo naondolewa na mtu anayejificha nyuma ya kioo. Kwa kosa gani? Au kwa sababu haina sauti? Picha zinazocheza kwenye simu hii, hata za wenzako, hazina sauti, nimelijua hilo siku nyingi, ni ubovu wa simu, nilikuwa nakuficha usijisikie vibaya kwa kuwa ni zawadi.

Yale uliyoniuliza. Natembea pembeni ya reli kwa sababu njia ya juu ina matope na mimi nimetembea pembeni ya reli tangu nikiwa na nywele. Honi wameacha. Madereva wa siku hizi ni wavivu, wanapita kimya kama mapadri.

Jina la msimamizi nalisubiri.

Babu yako,
Mlinda Geti


17 Mei

Shikamoo Babu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Bosi ananiuliza karatasi zinakwenda wapi.

Sote wazima. Mama ameanza kupanga safari ya kuja huko, anasema Agosti. Ameazima gari la mjomba. Kamba sijaiona.

Msimamizi wa kikundi ni mimi. Nilikianzisha mimi na Mpimaji. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa ukiwasema watu wetu vizuri sana, nikaona nikae upande wa wanaosemwa. Na picha yako inayocheza niliiondoa mimi.

Babu, picha ile ina sauti.

Simu yako si mbovu. Nimeisikiliza nikiwa kazini, nikaizima mashine ya kuchapa ili niisikie vizuri, kisha nikatamani nisingeizima. Inaanza na kokoto na ndala zako. Unaimba ule wimbo wako wa kukosea maneno. Halafu honi, mbali. Ndala zinaendelea. Honi tena, karibu, ndefu, ya dereva aliyekwisha kuogopa. Ndala zinaendelea, mwendo uleule, na wimbo uleule. Halafu upepo na kishindo, picha inageuka, naona mbingu, naona kikapu, naona yai moja limepasuka juu ya taruma la reli. Nawe unasema, "Ala, umeshafika?" kama mtu aliyetembelewa na jirani. Ndipo unainua simu. Na kilichobaki cha kupigwa picha ni mkia.

Kikundi kilicheka. Waliandika, babu huyu hana woga, hata hashtuki. Mpimaji hakucheka. Alichukua kivuli chako na ile programu ya jua, akapima, akanipigia akaniambia kati yako na ile treni hapakuwa na hata upana wa mlango.

Kumbe ndiyo maana simu haipokelewi. Ndiyo maana karatasi haikoromi. Nimerudi kwenye picha zako zote tangu Februari, zile tulizozipigia makofi. Uliyosema juu ya mikia nayaamini, kila neno. Lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba treni ikipita bila mkia wajinga hupiga makofi na mlinda geti hukimbilia simu. Mimi nimeona ndoano tupu, Babu. Unataka nipige makofi?

Mama sijamwambia. Sijui kama ninafanya vizuri. Kila akikutaja najiona kama nimeshika geti na sijui nilifunge au nilifungue.

Niambie la kufanya.

Mjukuu wako


30 Mei

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mwenyewe.

Kuku wazima isipokuwa Waziri. Treni ya mizigo.

Fundi viatu amepona jino.

Babu yako


20 Juni

Shikamoo Babu,

Pole kwa Waziri. Najua alikuwa na kiburi, lakini nyumba bila kiburi inapwaya.

Tangu ile barua yangu hujaweka picha hata moja. Kikundi kinauliza. Muuguzi anauliza kama unaumwa, Kokoto anauliza kama amekuudhi, mama wa rangi anasema mikia yake imekosa wa kuisahihisha. Nimewaambia uko na kazi nyingi. Nimezoea kusema uongo kwa ajili yako, nimekuwa hodari.

Sitakuambia habari za masikio tena. Nimeshasema, umeshasoma. Leo nakuja na maombi, tena ni ya kikundi, mimi ni mjumbe tu na mjumbe hauawi.

Kona yako hakuna aliye nayo. Pale treni inapotoka kilimani na kujikunja, asubuhi jua linaipiga usoni, Mpimaji ameipima kwenye programu akasema hakuna mahali pazuri pa kupiga kichwa katika njia nzima. Na hatuna picha ya kichwa kutoka pale. Hata moja. Tunayo mikia mpaka tunaweza kufungua duka. Kwa hiyo kikundi kinamwomba Babu wa Mikia ashushe hadhi kidogo atupigie vichwa.

Ili umpate dereva usoni lazima ujue mapema kwamba anakuja, uwe umesimama mahali pako, umetulia. Hapo ndipo Inakuja inapofaa. Katika simu yako nimeshaiweka, niliiweka siku ileile niliyokupa, hujaifungua. Ni ile alama ya kijani yenye magurudumu. Iguse mara moja tu, kidole kinene kinatosha. Treni ikishuka kutoka kilimani, wa kwanza kuiona ni mama wa rangi pale darajani. Ikija kutoka chini ni mwalimu wa hesabu, darasa lake linatazama reli, wanafunzi wake ndio wanaomkumbusha. Wameahidi kubonyeza kila treni, si za siku ya mapumziko tu, zote, na akiugua mmoja atabonyeza mwingine. Sikuwaeleza kwa nini. Mama wa rangi hakuuliza, alisema tu, baba yangu naye alikuwa mbishi.

Simu itatetemeka. Haitakuita, haitaongea, itatetemeka tu. Iweke mfuko wa shati, si kikapuni.

Ila mashine hukosea, Babu, na watu husahau. Simu isipotetemeka haimaanishi kwamba njia ni nyeupe. Hilo wewe unalijua kuliko mimi, wewe ulifundishwa kwamba geti linabaki limefungwa mpaka uone kwa macho. Macho unayo.

Na la mwisho. Kwa Mama nimenyamaza mpaka leo, na nitanyamaza mpaka barua yako ijayo. Baada ya hapo sitaweza. Akija Agosti akakukuta pembeni ya reli na wimbo wako, hatanisamehe mimi, na atakuwa na haki. Afadhali aambiwe na mwenye mwili.

Mjukuu wako


14 Julai

Mjukuu wangu, mchumba wangu, Mheshimiwa Msimamizi,

Marahaba. Za kazini? Bango la mchicha nimecheka, nimemsomea fundi viatu akashika shavu.

Njia ya juu nimeipangia mawe kwenye matope. Kazi ya siku moja ya kijana, mimi nilitumia siku chache zaidi, lakini bila kulalamika kama kijana. Sasa inapitika. Nakwambia kwa sababu uliniuliza zamani njia gani napita na mimi nikakujibu jibu la njia nyingine.

Kuhusu Waziri. Nilikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama juu ya reli, pale ilipopata joto, anawika. Wewe unajua jogoo hana ubovu wa masikio, kuku anasikia mchwa. Nilimwona dereva amenyanyua mkono anavuta. Waziri akawika zaidi. Alitaka kumshinda. Niliokota manyoya mpaka jioni, nikawa nafikiri, huyu hakufa kwa kutosikia, huyu amekufa kwa kuwika.

Basi nikaichukua barua yako nikaisoma tena.

Ile alama ya kijani nimeigusa. Siku ya kwanza simu ilitetemeka mfukoni nikadhani ni moyo, nikaketi nikasubiri kufa, nikiwa nimeketi vizuri treni ikapita. Siku ya pili nikaelewa. Inatetemeka kama panya kwenye mfuko wa unga, kisha inatulia, na ukihesabu polepole unamwona. Kuku wanakimbia nikiinuka ghafla, wameshajua. Mwambie mama wa rangi anabonyeza vizuri, hana papara. Mwalimu wa hesabu anachelewa siku za mitihani. Siku moja hakubonyeza kabisa. Nilikuwa nimesimama kwenye kibao na simu kimya, na mguu mmoja ulitaka kuvuka. Nikasema hapana, geti limefungwa. Nikatazama huku, nikatazama huku, na huyo akatokea kwenye kona. Usimgombeze mwalimu. Nilikuwa nimeona kwa macho.

Picha utakuwa umeiona kabla ya barua hii, nimeiweka jana. Nilisimama pale nguzo ya geti ilipokuwa, kisiki chake bado kipo, ndipo mlinda geti anaposimama, mbali na chuma. Nikasubiri kama nilivyokuwa nikisubiri zamani, ila kikombe cha chai safari hii nilikiweka chini kwa sababu mfuko umetikisika. Kichwa kikatoka kilimani, kikajikunja, jua likakipiga usoni kama Mpimaji alivyosema. Namba inasomeka. Waambie nimeikubali kona yao. Dereva ameshika kamba ya honi, mtazame vizuri, mkono uko juu, mdomo uko wazi. Nilimpungia bendera yangu ya kijani. Nilimwona, mjukuu wangu. Honi yake niliiona.

Mama yako nimemwandikia mwenyewe, barua imeondoka leo na hii. Nimeandika maneno yasiyojaza nusu ya karatasi, na yalinichukua juma zima. Nimemwambia aje na gari Agosti, kamba aache. Kwanza anipeleke kwa daktari wa masikio, si yule wa mchicha. Halafu anirudishe hapa aone mawe niliyopanga, akae asubuhi nzima, simu nitamwachia yeye ashike, aone inavyotetemeka na mahali ninaposimama. Akishaona aseme. Akisema chumba cha samawati, nitabishana, lakini nitabishana nikiwa nimeketi kwenye gari. Nimeandika hivyo na jina langu chini.

Na kile kidole changu kinene, safari hii nilikigusisha pale penye picha inayocheza kwa kusudi. Iko chini ya ile ya kwanza. Mimi siwezi kuijua ina nini. Isikilize wewe, zima mashine kama ulivyofanya siku ile. Utuambie, mimi na fundi viatu, kama ndala zilisimama.

Kikundi kitauliza kwa nini Babu wa Mikia ameanza vichwa. Waambie sijaacha kazi. Baada ya picha sikuondoka, nilibaki pale kwenye kisiki mpaka behewa la mwisho likapita, nikautazama ubao. Na kwa kuwa bwana stesheni wa sasa hapokei simu za wazee, nakupa taarifa wewe.

Mkia upo.

Babu yako,
Mlinda Geti